Mbali na Ibara ya 39 ya Katiba, ni sifa gani zinazomfanya mtu afae kuwa Rais?

Mwalimu wa Uraia, Kongwa

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafundisha somo la Uraia katika shule moja ya sekondari wilayani Kongwa, na kabla ya kufunga muhula wanafunzi wa kidato cha nne watafanya mdahalo mbele ya wazazi. Hoja wameichagua wenyewe, nami sikuwaingilia: kwamba mtu asiruhusiwe kugombea urais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kama hana angalau shahada ya kwanza.

Katika mazoezi, upande unaounga mkono ulimaliza kazi mapema. Binti mmoja alisimama akauliza inakuwaje dereva wa bodaboda adaiwe leseni kabla hajapakia abiria hata mmoja, lakini anayetaka kuongoza nchi nzima adaiwe kujua kusoma na kuandika tu. Darasa lilishangilia. Wapinzani wake walibaki wakisema kwamba maneno hayo yanawadharau wazee ambao hawakubahatika kusoma, jambo ambalo lina ukweli ndani yake lakini halijibu swali.

Ninaomba msaada wa mambo mawili. Kwanza, mwenye utaalamu wa sheria anieleze kwa usahihi Katiba inadai nini hasa. Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ninyi wenyewe mnapima nini mnapomtazama mgombea, ukiacha yale yaliyoandikwa? Tafadhali tusiyageuze mazungumzo haya kuwa kampeni ya chama chochote, kwa sababu baadhi ya wazazi watakaohudhuria ni viongozi wa vyama tofauti, na mimi ndiye nitakayebaki nao kijijini baada ya mdahalo.

Wakili, Area D

Mwalimu, pole na kazi. Nianze na sheria, kisha nieleze kwa nini ninadhani vijana wako wanabishania sharti ambalo si zito kuliko yote.

Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea awe raia wa kuzaliwa wa Jamhuri ya Muungano kwa mujibu wa Sheria ya Uraia. Awe ametimiza umri wa miaka 40. Awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho. Awe na sifa za kumwezesha kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Na awe hajatiwa hatiani na mahakama yoyote, katika miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu, kwa kosa la kukwepa kulipa kodi ya Serikali. Binti yako hakukosea. Sharti la kujua kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, limo katika Ibara ya 67 inayohusu wabunge, na linamfikia mgombea urais kupitia sharti lile la nne. Vizuizi vya ubunge navyo vinamfikia kwa njia hiyohiyo, kwa mfano kuwa alihukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu. Juu ya hayo, sheria ya uchaguzi inadai wadhamini: wapiga kura wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, ambayo angalau miwili iwe ya Zanzibar.

Sasa tujiulize ni lipi kati ya masharti hayo linalomzuia mtu kwa kweli. Watanzania waliozaliwa hapa, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wanaojua kusoma na wasio na kesi ya kodi, ni mamilioni. Sharti linalowapunguza mamilioni hao hadi wabaki watu wachache kwenye karatasi ya kura ni lile la kupendekezwa na chama, na mapambano ya kisheria kuhusu sharti hilo yalianzia hapahapa Dodoma. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri katika Mahakama Kuu ya hapa mwaka 1993, na tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila kupitia chama. Serikali ilipeleka muswada bungeni, na mwaka huohuo Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba yakalifunga suala hilo. Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, kisha Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikampa haki yake. Katiba Inayopendekezwa, ambayo Bunge Maalumu liliipitisha hapa mjini Oktoba 2014, ilimtambua mgombea huru, lakini kura ya maoni haikufanyika na sharti likabaki palepale.

Asidhani mtu kwamba hii ni historia tu. Mwaka 2025 Luhaga Mpina, aliyepitishwa na chama cha ACT-Wazalendo kugombea urais, aliondolewa kwenye orodha ya wagombea, na hoja ya kwanza iliyotumika kumwondoa haikugusa umri wake, uraia wake wala kodi zake. Iligusa kama chama chake kilifuata kanuni zake chenyewe kilipomteua.

Kuhusu shahada, Kenya inaidai kwa sheria, Uganda inadai elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo, na Zambia inadai cheti cha darasa la kumi na mbili. Sipingi elimu, mimi mwenyewe ninakula kwa elimu hiyo. Ninachoogopa ni kwamba kila sharti jipya huweza kuandikwa kwa ajili ya mtu fulani. Mwaka 1996 Zambia iliingiza katika katiba yake sharti kwamba wazazi wote wawili wa mgombea wawe Wazambia, na Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi hiyo kwa miaka 27 na ambaye wazazi wake walitokea Nyasaland (Malawi ya leo), akajikuta hana sifa. Wanafunzi wako wakitaka kuongeza sharti, waulizwe kwanza linamtoa nani, na nani anayelipendekeza.

Mstaafu wa Masjala, Kizota

Nawasalimu nyote. Wakili amesema vizuri, nami sitaigusa sheria. Nimeutumikia umma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nilianza kazi masjala, mahali ambapo kila jalada la wizara hupita likienda juu na hupita tena likirudi chini. Mtu wa masjala hajulikani na yeyote, lakini yeye huwajua wakubwa wote kwa maandishi yao.

Nilijifunza kuwatambua kwa jinsi walivyojibu dokezo. Alikuwapo mkubwa mmoja, msomi wa kupigiwa mfano, ambaye jalada lenye folio zaidi ya arobaini lilirudi kutoka mezani kwake likiwa na neno moja tu, "Nakubali", na saini, wakati mwandishi wa dokezo alikuwa ameweka mapendekezo mawili yanayopingana na kuomba aelekezwe achague lipi. Alikuwapo mwingine ambaye elimu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Huyo jalada lilirudi kutoka kwake likiwa na maswali pembeni, yameandikwa kwa penseli, na swali la mwisho mara nyingi lilikuwa kuhusu viambatisho vya nyuma kabisa ambavyo hakuna aliyetarajia vingesomwa. Wa pili ndiye tuliyemwogopa na ndiye tuliyemheshimu. Urais kwa sehemu kubwa ni kazi ya kusoma yale ambayo wasaidizi wangependa usiyasome, na shahada haimpi mtu uvumilivu huo, ingawa haimnyimi pia.

Mkiangalia waliopita Ikulu mtaona taaluma hazina mpangilio wowote. Mwalimu Nyerere na Mzee Mwinyi walikuwa walimu, Mkapa alikuwa mwandishi wa habari, Kikwete mchumi aliyepitia jeshini, Magufuli mwalimu wa kemia na hisabati mwenye shahada ya uzamivu. Kutokana na orodha hiyo huwezi kutunga sharti la cheti.

Lakini kuna jambo moja katika maisha ya Mzee Mwinyi ambalo ningependa vijana wa Kongwa walitafakari. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mateso na vifo vya watuhumiwa vilivyotokea kanda ya Shinyanga mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake. Hakuwa yeye aliyewagusa watu wale, wala hakuwa ameagiza. Aliondoka kwa sababu wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Mkiniuliza mimi ninapima nini, ninapima hilo: je, mtu huyu, katika cheo chochote alichowahi kushika, aliwahi kubeba lawama ya jambo lililotendeka chini yake, au kila mara alitafutwa mdogo wa kufukuzwa? Jibu la swali hilo halimo katika fomu ya uteuzi, lakini linapatikana kwa kuuliza watu waliofanya naye kazi.

Mwanachama Mkongwe, Nkuhungu

Ninakubaliana na Mzee wa masjala, na ninapingana na Wakili. Mnalisema sharti la chama kana kwamba ni kizuizi cha kiujanja, ilhali chama ndicho pekee kinachoweza kumpima mtu kwa namna anayoieleza Mzee. Mwananchi wa kawaida hukutana na mgombea kwa muda wa mkutano mmoja wa hadhara. Chama kimekaa naye katika vikao miaka ishirini, kinajua alifika na nini na akaondoka na nini. Julai 1995, pale Chimwaga, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM walipiga kura ya kwanza Kikwete akaongoza, wakarudia Mkapa akashinda, na miaka kumi baadaye Kikwete akapata zamu yake. Mwaka 2015 Kamati Kuu ilitoa majina matano, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, na Mkutano Mkuu ukachagua moja. Mgombea huru angepitia chujio gani? Fedha zake na wapambe wake, basi.

Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma

Shikamooni wazee wangu. Mzee wa Nkuhungu, kwa heshima zote, mfano wako wa mwaka 2015 una upande wa pili. Edward Lowassa alikatwa katika chujio hilohilo mwezi Julai, na kabla mwezi haujaisha alikuwa Chadema. Akagombea, akapata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40 ya kura halali. Kama vyama vinapima sifa za mtu, basi mtu yuleyule hakufaa katika chama kimoja na alifaa katika kingine ndani ya wiki chache. Mimi ninaona kwamba vyama hupima zaidi kama mtu anakifaa chama, na hilo ni swali tofauti na lile la kama anaifaa nchi.

Ninataka pia kuuliza kuhusu umri, ambao hakuna aliyeugusa. Ninapiga kura nikiwa na miaka 18, ninaweza kuwa mbunge nikiwa na 21, lakini kwa urais lazima nisubiri hadi 40. Mwalimu Nyerere alizaliwa Aprili 1922. Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru yeye akiwa Waziri Mkuu, alikuwa na miaka 39. Kwa sharti hili la leo, mtu aliyeiongoza nchi kuingia katika uhuru asingeruhusiwa siku hiyo kugombea urais. Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Nigeria iliona jambo hili, na mwaka 2018 ikashusha umri wa mgombea urais kutoka 40 hadi 35, ambao ndio umri wa Marekani pia. Sisemi kila kijana anafaa. Ninasema kwamba nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu 61,741,120, wengi wao wakiwa vijana, inawataka wakusanyike kwenye mikutano ya kampeni kwa maelfu na papo hapo inawaambia hawajakomaa.

Mstaafu wa Masjala, Kizota

Marahaba, kijana wangu. Mfano wako wa Mwalimu ni mzuri, na tarehe zako ni sahihi. Umri wa miaka 40 umewekwa kwa sababu ni rahisi kuuthibitisha kuliko busara. Hata hivyo, nisingeupigania sana. Aliyefika 40 bila kufanya lolote linaloweza kuchunguzwa hana la kutuonyesha, na aliye na 36 aliyeendesha halmashauri ikapata hati safi ya ukaguzi wa hesabu ana rekodi ya kusomwa. Kwangu rekodi ndiyo hoja.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo

Mbukwenyi wote. Nimewasoma kwa utulivu, na ninaona nyote mnazungumza kuhusu watu wanaompima mgombea kabla hajatufikia sisi: mahakama, Tume ya Uchaguzi, chama, wakubwa wa wizarani. Kisha anapofika huku kwetu, kupimwa kunakoma.

Niwape mfano mdogo, ambao si wa urais. Katika kampeni zilizopita alikuja kijijini kwetu mgombea wa ngazi ya chini. Sisi wakulima wa zabibu tulikuwa na swali moja tu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikiiva haisubiri. Mnunuzi asipofika ndani ya siku chache unaikamua upate mchuzi, na mchuzi nao ukikosa tangi la kuuhifadhi unaumwaga. Tulitaka kujua yeye akiwa kiongozi atafanya nini mnunuzi mmoja anapopanga bei peke yake huku matunda yakioza. Mama mmoja alinyoosha mkono tangu mwanzo wa mkutano. Mgombea alizungumza, muziki ukapigwa, tukagawiwa vitambaa, akapanda gari akaondoka. Yule mama alishusha mkono wake wakati vumbi limeshatulia.

Kwa hiyo mimi, Mwalimu, ninapima kama mtu anakaa kusikiliza swali ambalo hakuandaliwa jibu lake. Si lazima ajue bei ya zabibu Hombolo, Rais ana mambo mengi. Lakini asipojua, je, anasema "sijui, nielezeni", au anaanza kutuimbia? Huko juu hakuna atakayemlazimisha kusikiliza akishaapishwa, basi tuijue tabia yake mapema. Na kwa hilo ninaona shahada haina uzito wowote, maana waliotukwepa kwa ufundi zaidi walikuwa wasomi.

Kijana wa chuo, umesema kweli kuhusu umri, ila ongeza na hili: wanawake tulio wengi mashambani hatumo hata katika vikao hivyo vya kuchuja ambavyo Mzee wa Nkuhungu anavisifu.

Mwalimu wa Uraia, Kongwa

Ninawashukuru sana, na Mama wa Hombolo ninakushukuru kipekee, kwa sababu swali lako linaweza kuulizwa na mwanafunzi wa kidato cha nne bila kuhitaji kifungu chochote cha sheria. Nimezungumza na wanafunzi leo mchana. Binti mwenye hoja ya leseni aliposomewa mchango wa Mzee wa masjala alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba leseni hutolewa baada ya mtu kuonekana akiendesha, kwa hiyo yeye bado yuko sahihi, kilichobadilika ni aina ya mtihani. Sikuweza kumpinga. Wamekubaliana kuiandika hoja upya: kwamba mgombea wa urais alazimishwe kisheria kujibu maswali ya wananchi hadharani, pamoja na wagombea wenzake, kabla ya siku ya kupiga kura. Suala la shahada litatumiwa na upande mmoja kama mfano tu.

Limebaki swali moja walilonituma. Makamu wa Rais naye anapimwa na nani? Wameshuhudia tangu wakiwa wadogo kwamba anaweza kuwa Rais bila uchaguzi mwingine.

Wakili, Area D

Wanafunzi wako wameona kitu ambacho watu wazima wengi hukisahau hadi siku ya msiba. Kwa mujibu wa Ibara ya 37, Rais akifariki au kiti kikiwa wazi kwa sababu nyingine, Makamu ndiye anayeapishwa kwa muda uliobaki, kama ilivyokuwa tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan alipoapishwa baada ya kifo cha John Magufuli. Ikiwa muda uliobaki ni miaka mitatu au zaidi, Ibara ya 40 inamruhusu agombee mara moja tu baada ya hapo. Ukiwa pungufu ya hiyo, mara mbili. Ibara ya 47 inamtaka awe na sifa kama zile za Rais, na atoke upande wa pili wa Muungano. Lakini mpiga kura hana nafasi ya kumkubali Rais na kumkataa Makamu, kwani wanachaguliwa pamoja kwa alama moja. Kwa hiyo kama wanataka mgombea urais ahojiwe hadharani, waandike katika hoja yao kwamba mgombea mwenza naye ahojiwe, na si kukaa kiti cha nyuma akipunga mkono.

Mzee wa Nkuhungu, hoja yako kuhusu chujio la chama si dhaifu, nami ninaiheshimu. Ningeiunga mkono kama chujio hilo lingekuwa linafanyika mahali ambapo Mama wa Hombolo anaweza kuona.

Jambo la mwisho kwako, Mwalimu. Hakikisha vijana wanatumia nakala ya Katiba yenye mabadiliko yote. Katika maktaba za shule bado zipo chapa za kabla ya mwaka 2000, ambazo zinasema mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote. Mabadiliko ya Kumi na Tatu yaliliondoa sharti hilo, na sasa anayewazidi wenzake kwa kura ndiye mshindi. Mzungumzaji wako akinukuu chapa ya zamani mbele ya wazazi, upande wa pili utamkatia hoja hapohapo.